Mashauri ya Nyumbani: Homa Isiyongoja Asubuhi



Mwezi huu nataka kuwaeleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikosea, ili nanyi msije mkakosea. Chuoni kwangu palikuwa na mtoto wa miaka saba mwenye saratani ya damu, akitibiwa hospitali kwa dawa za kutiwa mshipani. Usiku mmoja, siku ya kumi tangu apewe dawa, mwili wake ulichemka. Baba yake akanijia baada ya sala ya Isha kutaka shauri. Nikamwambia: "Mpe dawa ya kushusha homa, mfanye subira, asubuhi mwende." Akampa, joto likashuka, nasi sote tukamshukuru Mungu. Hata alfajiri ilipoingia mtoto alikuwa hajiwezi, mikono baridi, akiitwa haitikii vema. Alilazwa siku nyingi, na Mungu akamponya; lakini mwuguzi alituambia kwa upole maneno ambayo sitayasahau: homa ilishuka, maradhi hayakushuka.

Yatupasa tujue sababu yake. Damu ina chembe nyeupe, nazo ni askari wa mwili. Zilizo mstari wa mbele katika kupigana na bakteria huitwa nutrofili. Hutengenezwa katika uboho wa mifupa, na maisha yake katika damu ni mafupi mno, hali chembe nyekundu huishi kiasi cha siku 120. Basi uboho hauna budi kutengeneza nyingine kila siku. Dawa za saratani huua chembe zinazozaana upesi, mbaya na njema pamoja. Ndiyo sababu nywele hunyonyoka, kinywa hutoka vidonda, na uboho hulegea katika kazi yake. Mara nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, askari hao huwa wamepungua sana. Kwa kawaida nutrofili huwa zaidi ya 1,500 katika milimita moja ya ujazo wa damu. Zikiwa chini ya 500, mlango u wazi. Hapo hata bakteria wa tumboni na kinywani mwake mwenyewe, ambao jana hawakumdhuru, huweza kuingia katika damu na kumwua kwa saa chache.

Tena adui huyu haonekani. Usaha tuuonao kidondani umejaa maiti za chembe hizo nyeupe. Chembe zisipokuwapo, hapana usaha, wala uvimbe mkubwa. Kengele iliyobaki mara nyingi ni homa peke yake, nasi tuliinyamazisha kengele hiyo hali mwizi yumo ndani.

Na katika nchi zetu kila homa twaiita malaria. Kwa mtoto huyu, hata kipimo kikionyesha malaria, na aende hospitali usiku ule ule, kwani maradhi mawili huweza kukutana.

Basi shikeni haya. Wekeni kipimajoto nyumbani, mpimeni kwapani, wala si kwa njia ya haja kubwa, kwani ngozi ya huko huchubuka upesi. Hospitali nyingi huhesabu joto la 38 kuwa ni homa ya hatari, nyingine 38.5; fuateni mlichoambiwa na hospitali yenu. Msimpe dawa ya kushusha homa kabla ya kumpima na kuuliza hospitali. Akitetemeka kwa baridi au akilegea, mpelekeni hata kama joto halikufika hapo. Mkifika, msikae kwenye mstari mkanyamaza, semeni: "Mtoto huyu anatumia dawa za saratani, na ana homa." Dawa za kuua bakteria zatakiwa zianze kuingia mshipani ndani ya saa 1. Na nauli ya usiku iwekwe kando mapema, isiguswe hata kwa kununua unga.

Subira ni sifa njema, lakini kukaa na homa hiyo mpaka kuche si subira. Subira ina mahali pake: kando ya kitanda cha mtoto, dawa ikiisha kuanza kuingia.

Baba wa mtoto yule hakunilaumu hata siku moja. Mimi najilaumu, ndipo nikaandika haya.