Maoni Yako Usiyatie

Ndugu yangu unayesoma Kichina, tuambiane ukweli. Umepambana na maneno 5,000 mpaka daraja la sita la HSK, mtihani wa Kichina. Hongera. Sasa niambie: mara ya mwisho mwalimu kukuuliza wewe unaonaje ilikuwa lini?

Kimya.

Hebu tazama sehemu ya kuandika ya mtihani wenyewe. Unapewa hadithi ya herufi kama 1,000, uisome kwa dakika 10 bila kunakili chochote. Karatasi inachukuliwa. Unabaki na dakika 35 za kuisimulia upya kwa herufi 400 hivi. Na maelekezo hayafichi: simulia yaliyomo, maoni yako usiyatie.

Maoni yako usiyatie! Umeumiza macho miaka yote hiyo, umefika juu hivyo, hiyo ndiyo salamu unayopokewa nayo.

Sawa, watungaji wanapima kufupisha, wana haki yao. Lakini nani aliwaambia walimu wetu waugeuze mtihani kuwa somo zima? Akili za kuambiwa, changanya na zako. Sisi hatuchanganyi kitu. Tunakariri nahau, tunakariri hotuba, tunapiga makofi.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, Dar es Salaam tangu 2013. Vyeti tunavyo. Darasa la juu lingeweza kuchukua habari ya gazeti la Beijing kuhusu reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, ikawekwa kando ya malalamiko ya Wakenya juu ya deni lake, watu wakabishana kwa Kichina mpaka jasho liwatoke. Nani anasema? Kwa faida ya nani? Nini kimeachwa?

Na usinijie na kile kisingizio kwamba Wachina hawapendi maswali. Mwandishi Lu Xun aliichapa jamii yake mwenyewe mwaka 1918 kwa lugha hiyo hiyo, katika hadithi ya mwendawazimu aliyeona watu wanalana. Huyo umemsoma, au umekariri mwaka aliozaliwa tu?

Endelea kulala. Siku moja utaitwa mezani kutafsiri mkataba. Bosi atakugeukia akuulize: kifungu hiki kinatubana wapi? Nawe utamtafsiria tena kifungu kile kile, neno kwa neno, kwa lafudhi safi kabisa. Kisha atatia saini.