Baiskeli ya Babu, Nambari ya Fremu na Umri wa Baba

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Masara, na kazi niliyopewa huko haikuhusu kompyuta hata kidogo, ingawa baba mdogo alidhani inahusu.

Kwenye stoo ya nyanya kuna baiskeli nyeusi ya marehemu babu. Fremu kubwa, breki za fito, keria ya kubeba gunia zima la mahindi. Ni aina ile ambayo Wakenya huiita Black Mamba, na sisi kwa Kijaluo tunaiita ndiga tu, kama baiskeli nyingine yoyote. Nembo ya mbele haipo, yamebaki matundu mawili ya ribiti. Imepakwa rangi angalau mara tatu, na mara ya mwisho ilipakwa kijani kilichobaki baada ya kupaka mlango wa jikoni.

Sasa sikiliza shida yenyewe. Kitambulisho cha baba kinasema alizaliwa 1958. Baba mwenyewe anasema 1953. Siku alipokwenda kuandikishwa hakuwa na karatasi yoyote, karani akamtazama usoni, akaandika mwaka uliomjia kichwani. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Rafiki yake waliyechunga naye ng'ombe anazipokea. Baba hapokei. Ushahidi pekee alionao ni kauli ya nyanya, aliyoirudia mpaka alipofariki, kwamba babu alinunua baiskeli mwaka ule ule baba alipozaliwa, na kwamba aliinunua mpya dukani Kisumu.

Kwa hiyo baba mdogo akanishika mkono hadi stoo, akanionyesha nambari iliyogongwa kwenye fremu chini ya kiti. "Wewe si mtu wa kompyuta, nyathina? Ingiza hiyo nambari tupate mwaka."

Niliingiza. Jedwali la kwanza nililolipata kwenye intaneti lilinipa mwaka mmoja, la pili likanipa mwingine, na kati yao kulikuwa na pengo la zaidi ya miaka kumi. Hakuna hata moja lililoeleza mwaka ule umetoka wapi.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na watu wenye baiskeli za zamani. Kila mmoja huanza na nambari ya fremu, na kila mmoja hutaka ije na jibu la miaka ya 1930. Sisi tunaoandika programu tunajua nambari si kitu bila hifadhidata yake. Kiwanda kiligonga nambari kwa matumizi yake chenyewe, si ili mjukuu wa mteja aje kuuliza miaka 70 baadaye. Mfululizo ukifika mwisho waliweza kuanza upya. Ukiwa na nambari bila daftari la kiwanda, una nusu ya swali, huna jibu. Nachukia chombo chochote kinachokupa mwaka mmoja kwa uhakika bila kukuambia umepatikanaje, kiwe tovuti, kiwe karani.

Umbo nalo halisaidii. Baiskeli hizi za breki za fito zilitengenezwa kwa umbo karibu lile lile kwa miongo mingi, Uingereza kwanza, kisha India na China. Hata jina linadanganya. Ukiona nembo ya Hercules au Phillips usikimbilie kusema Birmingham, kwa sababu kampuni ya TI Cycles ilianzishwa Madras mwaka 1949 na ikayatumia majina hayo hayo kwa baiskeli za Kihindi. Sen-Raleigh nayo ilikuwa Asansol. Na hata ndani ya Uingereza kwenyewe, Raleigh ya Nottingham ilikuwa inameza majirani: Humber mwaka 1932, Rudge-Whitworth mwaka 1943, baiskeli za BSA mwaka 1957. Mwaka 1960 ikaunganishwa na kundi la Tube Investments lililokuwa na Hercules na Phillips. Kwa hiyo swali "nani aliitengeneza?" si jepesi kama linavyosikika.

Aliyenitoa gizani ni fundi mmoja pale sokoni Masara, mzee aliyeanza na baiskeli na sasa anaishi kwa kuziba tairi za pikipiki. Hakutazama nambari. Alitazama gia kubwa ya pedali, akasugua mafuta yaliyoganda, vikatokea vichwa vitatu vya korongo vilivyokatwa kwenye chuma. "Hii ni Raleigh," akasema. Nikamwambia, lakini Jaduong', gia si inabadilishwa? Akacheka. "Ngoja basi."

Akatoa kota pini kwa nyundo, akavua krenki, akafungua kikombe cha gololi pale ekseli ya pedali inapopita. Kisha akaomba kipande cha sabuni ya kufulia. Akakigandamiza juu ya thredi za kikombe, akaninyoshea na rula ya shule. Nikahesabu alama katika nusu inchi: 13. Maana yake ni thredi 26 kwa inchi. Viwanda vingine vya Kiingereza kwa kawaida vilikata 24, na Raleigh ilishikilia 26 zake kwa ukaidi. Fundi hakuzijua namba hizo, alijua matokeo yake tu: kikombe cha kawaida cha dukani hakiingii kwenye Raleigh, na ukilazimisha unaharibu fremu. Gia unaweza kubadilisha, nembo unaweza kung'oa, lakini thredi zilizokatwa ndani ya fremu ndizo fremu yenyewe. (Haikatai kwamba ingeweza kuwa Humber au Rudge ya baada ya kumezwa. Ila pamoja na korongo na matundu ya nembo, mimi nimeridhika.)

Umri sasa. Gurudumu la nyuma lina spoku 40, la mbele 32, utaratibu wa Kiingereza. Habu ya nyuma ilikuwa donge la grisi na vumbi. Tulipoipangusa kwa mafuta ya taa yakatokea maandishi: Sturmey-Archer, AW, halafu 54, halafu 9. Niliruka kama mtoto. Habu za AW za gia tatu zilianza 1936, na kwa miaka mingi kiwanda kiligonga mwaka na mwezi juu ya chuma. Habu yetu ni ya Septemba 1954. Hakuna haja ya jedwali la mtu yeyote, tarehe imeandikwa hapo hapo.

Baba alikuwa amesimama nyuma yetu. Akauliza, "Gia tatu? Mimi sikuijua gia yoyote." Ni kweli. Waya ulikatika zamani, na habu ya AW isipovutwa na waya hukaa kwenye gia ya juu kabisa, ile nzito. Baba alibeba samaki kwa baiskeli hiyo ujana wake wote, akipanda kila mlima kwa gia ya kushukia, bila kujua nyingine mbili zimelala ndani.

Lakini tarehe ya habu ni tarehe ya habu. Mtu yeyote aliyewahi kunakili faili kutoka diski moja hadi nyingine anajua kuwa tarehe unayoiona si lazima iwe ya siku kitu kilipoundwa. Gurudumu la nyuma hubadilishwa. Basi tukatafuta dalili kwamba baiskeli ilikuwa na gia tangu mwanzo. Kwenye bomba la juu kulikuwa bado na klipu ndogo ya kupitishia waya. Tuliifungua. Chini yake hapakuwa na kijani wala rangi nyingine ya brashi, bali nyeusi ya kiwandani ikiwa inang'aa. Klipu ilifungwa kabla baiskeli haijawahi kupakwa rangi. Si uthibitisho kamili, lakini ni ushahidi ambao ningeukubali kazini.

Hesabu ikawa hivi. Habu imetoka kiwandani Septemba 1954. Ikafungwa kwenye baiskeli, ikapanda meli hadi Mombasa, treni hadi Kisumu, ikakaa dukani. Babu hakuweza kuinunua 1953, hata angekuwa na fedha mfukoni. Mapema kabisa ni mwisho wa 1954, na 1955 inaonekana ya kawaida zaidi. Ila hakuna kinachozuia isiwe 1956, au hata 1958 kama karani alivyoandika. Chuma kinatupa ukingo wa chini tu.

Baba mdogo hakufurahi. Alitaka niandike barua, niipige chapa vizuri na kuweka picha, kwamba mimi kama mtaalamu nimethibitisha baiskeli ni ya 1953. "Nani atakwenda kuhesabu thredi?" Nilikataa, na jioni hiyo chakula kililiwa kimya kimya. Nilijiona mbaya, nakiri. Shilingi 2,000 kwa mwezi si mzaha kwa nyumba ile. Lakini aliyemnyima baba umri wake ni mtu aliyeandika mwaka asioujua, na mimi ningekuwa naandika wa pili.

Baba ndiye aliyevunja kimya. Aliuliza tena habu inasemaje, nikamwambia. Akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema nyanya hakuwahi kutaja 1953. Alisema baiskeli tu. Hiyo 1953 aliitoa kwa yule rafiki yake, kwa sababu walitahiriwa meno pamoja, wakang'olewa yale sita ya chini siku moja, naye rafiki ana cheti.

"Andika basi: si kabla ya Septemba 1954," akaniambia. "Na wewe uliyesoma, nenda parokiani ukatazame kitabu cha ubatizo. Nilibatizwa nikiwa nimebebwa mgongoni, hilo nalijua."

Tumeitiwa Jumatatu saa tatu asubuhi. Baiskeli nimemwachia fundi aweke waya mpya wa gia.