Neema ya Mungu Wakati wa Taabu

Wanafunzi wenzangu, mara nyingi katika sala za Jumapili husimama mtu akatoa ushuhuda kwamba alikuwa katika taabu, akamtegemea Mungu, na taabu ikaondoka. Mmoja aliugua akapona, mwingine alikosa karo na karo ikapatikana. Mimi siwapingi hata kidogo, na tunapoimba kushukuru pamoja nao, mimi huimba kwa moyo. Lakini tukisikia ushuhuda wa namna moja tu, tutaanza kudhani kwamba neema ya Mungu ni kama dawa ya homa: ukiinywa vizuri homa hushuka, na isiposhuka basi kosa ni la mgonjwa, maana hakunywa kwa imani. Nimesikia kwa masikio yangu watu wakimnong'oneza mjane mmoja aliyefiwa na mtoto kwamba labda imani yake ina kasoro. Maneno ya namna hiyo ni ya ukatili, tena si ya Kikristo.

Mtume Paulo alimwomba Bwana mara tatu amwondolee mwiba uliomsumbua mwilini, na mwiba ukabaki. Alichopewa ni neema ya kuishi nao. Na wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimwambia mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwatoa katika tanuru, lakini hata asipowatoa, wao hawataiabudu sanamu. Sisi hupenda kusimulia mwisho wake, jinsi walivyotoka bila kuungua hata unywele. Mimi naona neema ilikuwa imekwisha fika pale walipomjibu mfalme, kabla moto haujawagusa.

Hayo ni ya zamani, na mtu aweza kusema ni ya mbali. Basi tutazame nchi yetu wenyewe. Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, upande wa Bururi, wakawakuta wanafunzi bwenini. Seminari ndogo ni shule ya sekondari kama hii yetu, na vijana wale walikuwa wa umri wetu. Waliamriwa wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Wakauawa vijana 40, Wahutu na Watutsi pamoja. Mwaka 2019 Maaskofu wa Burundi walifungua kesi ya kuwaombea watangazwe wafiadini, na pamoja nao Padre Michel Kayoya, aliyeuawa Gitega mwaka 1972.

Sasa, je, vijana wale hawakuomba? Waliomba sana, tena walikuwa wametoka katika siku za mafungo muda mfupi tu kabla ya hapo. Wala hakuna awezaye kusema kwamba imani yao ilipungua. Risasi hazikugeuka njia, lakini neema walikuwa nayo, maana kwa nguvu zake mwenyewe kijana wa miaka kumi na minane aliyeamshwa usingizini na mtutu wa bunduki hawezi kumshika mwenzake mkono, hali akijua kwamba akiuachilia huenda atapona.

Tena neema ile haikuanza asubuhi ile. Rais Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, shule nyingi za nchi hii ziligawanyika, na wanafunzi wakaogopana hata mezani. Kule Buta mkuu wao, Padre Zacharie Bukuru, ambaye baadaye aliandika kitabu juu ya mambo hayo, aliwafanya wazungumze waziwazi juu ya yale waliyoyaogopa, na wakae pamoja katika michezo, ngoma na sala. Ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Akiba haiozi, wasema Waswahili, na nadhani hata neema huwekwa akiba namna hiyo, katika siku ambazo hakuna anayeiona kazi yake.

Ndiyo sababu nayaandika haya kwa ajili yetu sisi wa Giteranyi. Mipaka ya Rwanda na Tanzania haiko mbali nasi, na nyumba nyingi za huku zina habari za kukimbia: wengine mwaka 1972, wengine 1993, wengine 2015. Waliorudi, baadhi yao walikuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine, naye amekwisha panda migomba na kuzaa watoto hapo. Watoto wa nyumba hizo mbili huja shuleni wakakalia dawati moja. Mmoja akimnyima mwenzake sabuni au daftari, wakati mwingine si kwa sababu ya sabuni. Hapo ndipo neema yatakiwa, wala hatuna haja ya kungoja watu wa bunduki ndipo tuanze kuiomba.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza, kwa ukali kidogo, iliwafaa nini vijana wa Buta neema isiyozuia risasi. Nilimjibu kwamba waliowajia walitaka kwanza wagawanyike, na jambo hilo hawakulipata. Hakuridhika. Alisema mama zao wangependa kuwaona wakiwa hai. Ni kweli, na sitaki kuifunika kweli hiyo kwa maneno matamu. Hata Bwana Yesu alilia kaburini kwa Lazaro.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa viongozi wa sala wa shule yetu. Wanapoita watu watoe ushuhuda, wasiite tu wale waliopona na wale waliofaulu mtihani. Wamwite pia yule ambaye mama yake angali mgonjwa, na yule ambaye shauri la shamba lao halijakwisha, naye amekuja kusali vilevile akaketi karibu na mtoto wa jirani. Azungumze kama apendavyo, kwa Kirundi au kwa Kiswahili, na asiharakishwe.