Nyuma ya picha, jina la mtoto

Juma hili tuongee juu ya picha za watoto, zile za zamani tunazozifunga ndani ya kikwembe chini ya valizi.

Wakati wa ukoloni Wabelgiji walipiga picha nyingi za watoto wa Kongo: barabarani, sokoni, mbele ya shule. Nyingi zinalindwa leo Tervuren, karibu na Bruxelles, ndani ya jumba la makumbusho. Mara nyingi chini yake wameandika mahali, mwaka na jina la mpiga picha. Mtoto ni "mtoto" tu. Kama yu hai leo, ni nyanya ya watu, na wajukuu hawajui kwamba uso wake uko kule.

Lakini picha ilisaidia pia. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa Goma, watoto wengi sana walipotezana na wazazi. Mpiga picha Seamus Conlan na UNICEF wakawapiga picha mmoja mmoja, kila mtoto na namba yake, zaidi ya 20,000. Picha zikabandikwa kwenye mbao kambini. Wazazi walipita polepole wakitafuta uso, na wengi waliupata. Mtoto mdogo hawezi kutaja kijiji chao. Uso ulisema kwa niaba yake. Na namba, wamama, tusiisahau: bila namba mama angemuona mwanawe kwenye ubao asijue aende kumchukua wapi.

Sisi wa Uvira tulikimbia mwaka 1996 na watoto mgongoni. Aprili 2020 mto Mulongwe ulibeba nyumba na vilivyokuwa ndani. Picha zilizobaki ni chache, na nyingi nyuma ni nyeupe.

Basi tuandike: jina la mtoto, la mama, avenyu, mwaka. Krayo ni nzuri kuliko biki, maana wino hupenya. Tuwaulize wazee sasa: huyu wa kushoto ni nani? Za ndani ya telefone tutoe hata mbili kwenye karatasi; telefone huibiwa. Na mgeni akipiga watoto picha kwenye bomba la maji, tumuulize bila haya anazipeleka wapi.

Kwenye mkutano wetu ujao kila mama alete picha moja yenye mtoto asiyemjua. Tutaipitisha mkono kwa mkono, tukianza na wamama wenye miaka sabini na zaidi.