Treni ya mjini: nani apite juu, nani apite chini?

Msikilizaji uliyepanda SGR kutoka Dodoma au Morogoro umeliona hili: treni haisimami njiani kupisha lori wala ng'ombe. Reli ina uzio, barabara zinapita juu au chini yake, na ndani ya Dar es Salaam inapanda daraja refu. Ni salama, ila ni ghali. Je, mji wenye fedha kidogo ukitaka treni ya kubeba abiria wake ufanyeje?

Addis Ababa, Ethiopia, ilijaribu kujibu. Treni yake nyepesi ya umeme ilianza mwaka 2015: njia mbili, jumla ya kilomita 34 hivi, kwa dola za Marekani milioni 475. Reli ya juu ni ghali kuliko ya ardhini, na ya handakini ni ghali zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ililazwa ardhini katikati ya barabara na kuwekewa uzio. Madaraja yalijengwa pale tu palipobanana, kama katikati ya mji ambako njia zote mbili zinatumia reli moja.

Wepesi wa treni nao husaidia. Ili ipande mita 6 juu ya barabara, treni inayomudu mwinuko wa mita 6 kwa kila 100 inahitaji mita 100 tu za kupandia. Treni nzito inayomudu mita 2 kwa kila 100 inahitaji mita 300. Daraja likiwa fupi, nondo na saruji hupungua.

Lakini uzio uliookoa fedha uligawa mitaa. Anayetaka kwenda ng'ambo huzunguka hadi penye kivuko. Gharama haikuisha, ilihamia kwenye miguu ya watu. Mfugaji ambaye malisho yake yako upande wa pili wa reli anatuelewa.

Sisi tunaona hesabu ianze na wanaovuka: wanafunzi, mikokoteni, mifugo. Karavati la kupita watu ni nafuu likijengwa pamoja na reli kuliko kuja kuchimbwa baadaye treni zikiwa zinapita.

Siku wataalamu wakileta ramani kwenye mkutano wa kijiji, usiulize fidia peke yake. Uliza pia: kivuko kiko wapi, na mtoto wa shule atatembea umbali gani kukifikia?