KIDONGE HAKIPUNGUZI MZIGO



Katika mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, mchumaji aumwaye mgongo au bega humeza vidonge, kisha hurudi shambani na kikapu chake. Maumivu yakinyamaza, watu hudhani mambo yamekwisha. Sisi twasema hayajakwisha.

Dawa hizi, kama aibuprofeni na diklofenaki, si mbaya. Mwenye baridi yabisi, ambaye vidole vyake vimevimba hata hawezi kufunga vifungo vya shati, hupata nafuu kubwa. Lakini mfanya kazi ana haki ya kujua anachomeza. Mwaka 1971 mtaalamu John Vane wa London alionyesha ya kuwa aspirini na dawa za jamii yake huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Vitu hivi huleta uvimbe na maumivu, lakini pia hulinda tumbo na kusaidia damu kufika kwenye figo. Basi dawa ikizuia maumivu, hupunguza na ulinzi huo. Azitumiaye kila siku huweza kupata vidonda vya tumbo au kuumia figo.

Wataalamu walitafuta dawa isiyodhuru tumbo, ikatoka Vioxx. Utafiti uliotangazwa mwaka 2000, kwa wagonjwa zaidi ya 8,000 wa baridi yabisi, ulionyesha kuwa tumbo liliumia kidogo, lakini walioshikwa na moyo walikuwa wengi kuliko waliopewa naprokseni. Hata hivyo iliendelea kuuzwa mpaka Septemba 30, 2004, kampuni ya Merck ilipoiondoa sokoni. Mwaka 2013 wakuu wa dawa wa Ulaya walionya kuwa wenye maradhi ya moyo wasipewe diklofenaki. Je, mchumaji wetu huulizwa habari za moyo wake kabla ya kupewa?

Tena maumivu ni onyo. Sisi wa reli twajua ya kuwa kuiondoa bendera nyekundu hakuungi reli iliyokatika.

Mamia ya wachumaji wa Kericho walipeleka madai Edinburgh, Scotland, juu ya James Finlay (Kenya), wakisema kazi imewaumiza migongo na viungo. Kampuni ilipinga. Mwaka 2023 mahakama ilisimamisha kesi ili madai yapitie kwanza sheria ya Kenya. Sheria hiyo ni ile ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, nayo yataka madai yaletwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Aliyemeza vidonge kimya kimya, bila kuandikwa popote, ataonyesha ushahidi gani?

Kwa hiyo twataka mambo matatu:

1. Mgonjwa aambiwe jina la dawa, naye aulizwe habari za tumbo, moyo, figo na mimba kabla ya kupewa.

2. Kila maumivu ya kazi yaandikwe kitabuni pamoja na tarehe, na mfanya kazi apewe nakala.

3. Mzigo upunguzwe, na aliyeumia apewe kazi nyepesi bila kukatwa mshahara.

Ndugu, ukiumwa, mwone mganga, kisha mwone na mjumbe wa chama siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe ni mgongo wako.

Umoja ni nguvu.