Wastani wa siku unaficha umande

Vijana wa Msimbati na Madimba, kipima unyevu wa hewa kinachosoma kila dakika 5 kinakupa namba 288 kwa siku. Nani ana muda wa kuzisoma zote? Ndiyo maana wengi mnabakiza wastani wa siku, nyingine mnafuta. Hapo tunapishana. Wastani unachanganya jua kali la mchana na umande wa alfajiri, wakati ubwiri unga wa mikorosho unapenda usiku wa baridi na unyevu, maua yakiwa yameshatoka. Mvua haina shida, jumlisha tu ya siku nzima. Ila kwa unyevu, bakiza cha chini, cha juu, na saa ulizozidi asilimia 80. Za msimu huu ziacheni zote mpaka korosho zifike ghalani.